Note 5 na betri ya gundi: kosa la 2015 ambalo Kidete bado inalilipia

Simu ya kioo kikubwa ilikuwa imeshashinda kabla ya kuharibiwa. Note 4 ya Samsung ilipotoka mwaka 2014 hakukuwa tena na ubishi: inchi 5.7, betri ya mAh 3,220 unayoichomoa kwa ukucha, nafasi ya memori kadi, kalamu yake pembeni. Halafu tarehe 13 Agosti 2015 Samsung walipanda jukwaani New York wakatuonyesha Note 5. Siku ile ndipo simu kubwa ilipoacha kuwa chombo cha mtu anayeishi mbali na fundi. Nilisema hivyo wakati ule, na miaka yote iliyofuata imenizidishia sababu.

Tuitazame hatua ile kwa makini, maana watu huisimulia kwa haraka mno. Kioo hakikuongezeka hata kidogo. Kilibaki inchi 5.7. Betri ilipungua kutoka mAh 3,220 hadi 3,000. Memori kadi iliondolewa. Mfuniko wa nyuma, ambao kwenye Note 4 ulikuwa wa plastiki unaobanduka kwa kidole, ukawa kioo kilichogandishwa kwa gundi, na betri yenyewe ikabandikwa ndani. Walichopata ni nini? Unene ulishuka kutoka milimita 8.5 hadi 7.6. Milimita 0.9. Uzito ulipungua kutoka gramu 176 hadi 171, yaani gramu tano ambazo hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuzitambua.

Ukiuliza kwa nini, jibu liko mwaka mmoja nyuma. Septemba 2014 Apple walitoa iPhone 6 Plus ya inchi 5.5, nyembamba, ya chuma, na wachambuzi wakazidi kuiita plastiki ya Samsung ya kishamba. Mhandisi anaposikia lawama ya mpenda urembo na kuacha lawama ya mtumiaji, hapo ndipo kazi inapoharibika. Mwanzoni mwa 2015 Samsung walifunga betri ndani ya Galaxy S6, na ile ningeweza kuivumilia kwa sababu S ilikuwa simu ya maonyesho. Note ilikuwa ya kazi. Mnunuzi wa Note alikuwa mtu wa safari, mwalimu, karani wa ghala, mwandishi, watu wanaoshika simu tangu alfajiri. Kumfungia betri mtu huyo ni kutomjua kabisa.

Tena hata kalamu waliivuruga. Kwenye Note 5, ukiichomeka kinyumenyume inakwama ndani na inaweza kuharibu kihisi kinachoitambua. Kwenye Note 4 ikichomekwa vibaya haiingii, basi. Watu waliokuwa wakifikiria mtumiaji mwaka 2014 walikuwa wanafikiria jambo jingine mwaka 2015.

Kuna utetezi mmoja ninaousikia kila mara: betri imefungwa ili maji yasiingie. Utetezi huo hausimami. Galaxy S5 ya mwaka 2014, ya kampuni hiyohiyo, ilikuwa na kiwango cha IP67 cha kuzuia vumbi na maji, na betri yake ya mAh 2,800 ilichomolewa kwa ukucha kama kawaida. Mpira mwembamba uliozunguka ndani ya mfuniko ulitosha. Na Note 5 yenyewe, iliyofungwa kwa gundi pande zote, haikupewa kiwango chochote cha kuzuia maji. Walichukua betri yetu na kinga hawakutoa.

Sasa ilete simu hiyo Kidete.

Kidete iko kwenye bonde la mto Mkondoa, kati ya Kilosa mjini na Gulwe. Reli ya Kati ya Mjerumani inapita hapo, na sasa reli mpya ya SGR nayo inapita. Ni mahali ambapo njia ikikatika, imekatika kweli: mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliisomba reli kati ya Kilosa na Gulwe na treni zikasimama kwa miezi. Wakati ule simu za wengi vijijini zilikuwa Nokia za batani, na betri yake ilikuwa BL-5C. Naomba vijana wasome jina hilo kwa heshima. Betri hiyo moja iliingia kwenye Nokia 1100 ya tochi, ikaingia kwenye 1110 na 1600, ikaingia kwenye 6600 na hata N70 ya wakubwa. Ikichoka, duka la vocha lilikuwa nayo. Mwenye mbili alichaji moja kwenye chaja ya kobe, ile ya kubana betri, na nyingine akaondoka nayo. Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003 iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na siri yake kubwa, ukiacha tochi, ilikuwa kwamba mwenye simu ndiye aliyekuwa fundi wa kwanza wa simu yake.

Mwenye simu kubwa ya leo pale Kidete ana simu iliyo bora kwa kila kipimo isipokuwa hicho. Anakatia tiketi ya SGR humo. Matokeo ya NECTA ya mtoto anayasoma humo bila kubinya macho. Picha ya kitambulisho cha NIDA imo humo, makundi ya WhatsApp ya mazao yamo humo, na laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole, yenye pesa zake zote za simu, za *150*00#, imo humo. Kioo kikubwa kimefanya kazi nzuri mno kwa mtu asiye na kompyuta, na sitakaa nibishane na anayekisifu.

Lakini betri ya lithiamu inazeeka, na inazeeka kwa kanuni zinazojulikana. Betri ya kawaida ya simu ikishachajiwa kikamilifu mara 500 hivi inabakiwa na takriban asilimia 80 ya uwezo wake. Kwa mtu anayechaji kila siku, hiyo ni kama mwaka mmoja na nusu. Joto huharakisha uzee huo, na bonde la Mkondoa lina joto. Simu inayochajiwa juani kwa sola huku mwenyewe akitazama video inapikwa pande mbili. Baadaye betri huvimba, na kwa kuwa haina pa kutokea, inasukuma kioo. Ndipo unaona simu imeachama ubavuni, kioo kimeanza kuonyesha mstari wa kijani, na mwenyewe anaibana kwa rababendi.

Kuibadilisha ni kazi ya namna hii. Fundi anapasha moto mfuniko wa nyuma hadi gundi ilainike, anauvuta kwa kifaa cha kunyonya, anapitisha kadi nyembamba ya plastiki kuzunguka ukingo, anafungua skrubu, anang'oa nyaya bapa, halafu anaanza kuibandua betri iliyogandishwa kwenye fremu. Akiikunja, inaweza kuwaka. Akitumia moto mwingi, anaua kioo cha mbele. Mfuniko ukiwa wa kioo cha mkunjo kama wa Note 5, unaweza kupasuka mikononi mwake, na mteja anadaiwa vitu viwili badala ya kimoja. Kazi hiyo inataka zana, na zana ziko mijini. Mtu wa Kidete anapanda treni kwenda Kilosa, au Morogoro kabisa, na betri ya aina yake ikikosekana huko inasubiriwa kutoka Kariakoo.

Siku hizo zote simu iko kwa fundi, pamoja na namba ya siri ya kuifungulia, kwa sababu fundi lazima aijaribu. Hapa ndipo ninapokasirika zaidi kuliko mahali pengine popote. Tumewaambia wananchi walinde namba zao za siri, wasimpe mtu simu, wasikubali kusomewa ujumbe wa pesa. Halafu tukawauzia kifaa ambacho sehemu yake inayochakaa haraka kuliko zote haibadilishwi mpaka umkabidhi mtu baki maisha yako yote. Mwenye Note 4 alinunua betri dukani akaibadilisha akiwa amesimama.

Wanaodhani nakuza mambo wakumbuke yaliyompata mrithi wa Note 5. Note 7 ilianza kuuzwa tarehe 19 Agosti 2016. Betri zikaanza kuwaka. Tarehe 2 Septemba Samsung wakasimamisha mauzo na kuanza kubadilisha simu zipatazo milioni 2.5. Zilizoletwa badala yake nazo zikawaka, na tarehe 11 Oktoba wakaacha kuitengeneza. Uchunguzi wao wenyewe, uliotangazwa Januari 2017, ulisema kosa lilikuwa kwenye betri, za watengenezaji wote wawili.

Linganisha na Nokia. Agosti 2007 walitangaza kwamba baadhi ya BL-5C zilizotengenezwa na Matsushita zinaweza kupata moto kupita kiasi wakati wa kuchajiwa. Zilikuwa milioni 46, karibu mara 18 ya Note 7. Mwenye simu alifungua mfuniko, akasoma namba iliyoandikwa juu ya betri, na kama ilikuwa miongoni mwa hizo akapewa betri nyingine. Simu ilibaki mfukoni mwake. Kosa la sehemu likatibiwa kwenye sehemu. Mwaka 2016 kosa la sehemu liliua simu nzima, na chanzo cha tofauti hiyo ni uamuzi uliofanywa mwaka mmoja kabla, kwa ajili ya milimita 0.9.

Wakubwa wakifanya, wadogo wanaiga. Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni moja ya Transsion ya Shenzhen, ndizo zilizoleta kioo kikubwa mikononi mwa watu wa kawaida Tanzania, na zinastahili shukrani kwa laini mbili, bei, na betri kubwa. Hao walikuwa na kila sababu ya kukataa mtindo wa New York, kwa sababu soko lao ni hili letu. Nao wakafunga simu zao nyingi.

Nitaambiwa kwamba betri sasa ni mAh 5,000, ya nini kuibadilisha? Nimelisikia hilo kwenye kila jaribio la simu mpya, linalofanywa na mtu mwenye umeme ukutani na kiyoyozi juu. Note ya kwanza ya 2011 ilikuwa na kioo cha inchi 5.3, simu ya sasa ya inchi 6.7 ina eneo la kioo lililozidi hilo kwa karibu theluthi moja, na kioo ndicho mlaji mkubwa wa chaji, hasa mtu anapopandisha mwanga hadi mwisho ili asome shambani. Betri kubwa inarefusha siku ya kwanza. Haizuii mwaka wa tatu kufika. Na pale zilipokuwa zimebaki njia za kujiokoa, nazo zimepunguzwa: simu ikiganda huwezi kuchomoa betri uirudishe, tundu la spika za masikioni limeondolewa kwenye simu nyingi za bei kubwa, na redio ya FM iliyotumia waya huo kama antena imeondoka nalo. Chaja yenyewe Apple waliitoa kwenye boksi mwaka 2020, Samsung wakafuata kwenye S21 ya mwaka 2021. Kila safari ni kitu kidogo kinaondolewa, na kila safari anayekikosa ni yule aliye mbali na duka.

Wala teknolojia haikushindwa. Samsung haohao wanatengeneza XCover7 ya mwaka 2024: kioo cha inchi 6.6, betri ya mAh 4,050 inayochomolewa kwa mkono, kiwango cha IP68. Fairphone 5 ya mwaka 2023 ina inchi 6.46 na betri unayoitoa kwa ukucha. Simu kubwa, isiyoogopa maji, yenye betri ya kuchomoa, ipo na inauzwa. Imewekwa tu kwenye rafu ya makampuni na wanajeshi badala ya rafu yetu.

Ulaya wameshachukua hatua. Tangu 20 Juni 2025, simu inayoingizwa katika soko la Umoja wa Ulaya ama iwe na betri ambayo mtumiaji anaweza kuibadilisha, ama betri yake ibaki na asilimia 80 baada ya kuchajiwa mara 1,000 na simu yenyewe istahimili maji. Mlango huo wa pili siupendi, maana wenye gundi watapitia hapo, lakini hata huo ni bora kuliko kukosa mlango kabisa kama sisi.

Mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ndiyo inayoidhinisha aina za simu zinazoingia nchini. Tarehe 16 Juni 2016 ilizima simu bandia nchi nzima. Uwezo wa kuweka sharti inao. Naiomba iweke mawili kwenye fomu ya idhini: kila simu iandikwe juu ya boksi kama betri yake inabadilishwa na mwenyewe au na fundi, na kila mwenye kuleta aina ya simu nchini alazimike kuwa na betri zake katika kila mkoa kwa miaka mitano. Na wewe msomaji unayekwenda kununua simu kubwa wiki hii, kabla hujauliza megapikseli za kamera, muulize muuzaji betri yake inatolewaje na mpya inapatikana wapi. Akishindwa kujibu, hamia duka la pili.