Maji ya Kinjeketile na Kombe la Mikese

Tamthilia ya Kinjeketile, iliyotungwa na Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, ilitoka mwaka 1969. Wengi tumeisoma shuleni kama kitabu cha Vita vya Majimaji vya 1905 mpaka 1907, tukafanyia mtihani, tukakiweka. Mimi nilikisoma mara ya pili nikiwa Mikese, barazani kwa ami yangu, na hapo nikaona kuwa kinahusu pia maradhi na dawa.

Ami ana kisukari. Aliandikiwa kombe: aya kwa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa kwa maji, akanywa asubuhi na jioni. Siku ya tatu akasema mwili umekuwa mwepesi. Usingizi ukamrudia, akatembea kwa miguu yake mpaka stesheni na kurudi. Nasi nyumbani tukafurahi. Hatukujua kuwa vidonge vya hospitali ameviacha. Kabla ya mwezi kwisha kidole cha mguu kilioza, akapelekwa Morogoro mjini, kikakatwa.

Je, ule wepesi ulikuwa uongo? Hasha. Mwaka 1978 madaktari wa California waliwapa watu waliong'olewa magego dawa isiyokuwa na dawa ndani yake. Baadhi yao maumivu yakapungua. Kisha wakapewa kitu kinachozuia nguvu ya afyuni mwilini, na maumivu ya wale waliopata nafuu yakazidi. Maana yake, mwili wenyewe ulikuwa umejitengenezea dawa ya maumivu kwa kuamini tu. Basi imani hutuliza maumivu, huleta usingizi, huinyanyua miguu iliyochoka. Lakini sukari iliyomo damuni haiishi kwa mtu kujisikia vizuri.

Hayo ndiyo aliyoyaona Ebrahim Hussein. Yeye mwenyewe alitahadharisha kuwa Kinjeketile wa jukwaani si nakala ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wadachi Mohoro mwezi wa Agosti 1905. Katika tamthilia, watu ni waoga, wamegawanyika kabila kwa kabila, wanatumikishwa mashambani. Maji yanapokuja, mgongo uliopinda unanyooka. Mtu aliyekuwa hamwamini jirani yake anasimama naye bega kwa bega. Hapo mtunzi amesema kweli tupu, na si kweli ngeni kwetu: Sura Ar-Raad, aya ya 11, inatufundisha kuwa kugeuka kwa hali ya watu huanzia nafsini mwao.

Ila risasi haina nafsi. Tarehe 30 Agosti 1905, maelfu waliivamia boma ya Mahenge wakiwa na yakini ya maji, na bombomu za Wadachi zikawafyeka. Maji yaliweza kuwafikisha pale bila hofu. Kuigeuza risasi hayakuweza.

Kwa hiyo naisifu tamthilia hii, lakini nina ugomvi nayo mmoja. Shaka inamwingia Kinjeketile mapema, kabla ya vita, naye anaona kuwa nguvu ya kweli ni umoja. Mwishoni, mikononi mwa Wadachi, anakataa kusema kuwa maji ni uongo, asije akawavunja moyo watakaopigania uhuru baadaye. Mtunzi anatutaka tumheshimu kwa kukataa huko, nami namheshimu: mbele ya adui, kunyamaza kwake ni ushujaa. Lakini mtunzi amekaza taa juu ya ushujaa huo mpaka tunasahau kuuliza juu ya wale waliokwisha kufa. Wao walistahili kuambiwa wazi, kabla ya kutoka nyumbani, maji haya yanafanya nini na hayafanyi nini. Tamthilia inamwachia mtu mmoja mzigo huo, na hadhira inatoka ikimlilia yeye kuliko wao.

Swali hilo ni letu pia. Mwaka 2011 umati ulikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, na iliripotiwa kuwa wako walioacha vidonge vyao wakazidiwa. Na sisi tusiwacheke. Kombe tunaliandika wenyewe.

Masheikh wana maneno yao juu ya kombe, wala simo katika hayo. Nasema hivi: anayempa mgonjwa tumaini ana deni la kumwambia mpaka wake. Bwana Mtume (s.a.w.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo atawakali. Kidonge ni kamba. Dua ni tawakali. Aliyemwandikia ami kombe hakuuliza habari ya vidonge, na sisi tuliokaa naye nyumba moja hatukuuliza pia. Deni hilo ni letu sote.

Ami sasa anatembea na fimbo. Kila asubuhi anasoma uradi wake, kisha humwita mjukuu amletee vidonge na maji ya kunywa.

Wabillahi tawfiq.