Simba wa Mlango wa Hospitali

Anayekwenda kumjulia hali mgonjwa wake katika hospitali ya Santi Giovanni e Paolo, mjini Venice, Italia, huingia kwa kupita kati ya simba wawili wa mawe. Kila simba amesimama kwenye mdomo wa ukumbi mrefu wenye dari ya upinde, na kwa mtu aliye uwanjani huonekana amebakiza hatua moja tu atoke nje. Ukumbi wenyewe haupo. Ukiusogelea ukuta utakuta urefu wote ule umechongwa katika kina kidogo mno cha jiwe.

Ni kazi ya Pietro Lombardo na karakana yake, wakiwamo wanawe Tullio na Antonio, kwa kushirikiana na Giovanni Buora. Siri yake inaelezeka kwa maneno machache. Mistari ya sakafu na ya dari huelekezwa kwenye nukta moja, kisha kila kinachopaswa kuonekana mbali huchongwa kidogo zaidi na kwa kina kifupi zaidi. Kuitenda ndiyo kazi. Mchoraji akikosea hupaka rangi juu ya kosa lake. Tindo ikiteleza kwenye marumaru, mchongaji hana pa kulificha kosa. Tena kazi hii humtaka fundi asimame, kwa akili yake, pale atakaposimama mtazamaji, maana yeye mwenyewe, uso wake ukiwa shibiri moja kutoka kwenye jiwe, hauoni huo ukumbi anaouumba.

Waliomwajiri hawakuwa wafalme. Walikuwa Scuola Grande di San Marco, chama cha udugu wa dini kilichoanzishwa mwaka 1260, ambacho viongozi wake walikuwa raia wa Venice, si makabaila waliotawala dola. Shughuli zake angezitambua mara moja mwanachama yeyote wa chama chetu cha kufa na kuzikana: kuwazika wenzao, kuwatazama wagonjwa, kuwasaidia maskini, kuwapa mabinti wasio na kitu mali ya kuolewa nayo. Mwaka 1485 moto uliteketeza nyumba yao. Wakajenga upya, na safari hii wakataka ukuta ambao mji mzima ungesimama kuutazama. Mwaka 1490 kazi ikatoka mikononi mwa Lombardo ikaingia kwa Mauro Codussi, aliyeukamilisha ukuta kwa matao yale ya nusu duara yaliyopangwa juu kama mawimbi.

Upande wa kulia wa ukuta huo, kando ya mlango mdogo, pana michongo miwili ninayoipenda kuliko hata simba. Inasimulia habari za Mtakatifu Marko alipofika Alexandria, Misri. Kwa mapokeo ya Kikristo, ukanda wa kiatu chake ulikatika, akampelekea fundi viatu aitwaye Aniano. Fundi akajichoma mkono kwa sindano yake ya kazi; Marko akamponya, baadaye akambatiza. Aniano ndiye aliyekuja kumrithi Marko kama askofu wa Alexandria. Mchonga mawe aliyejua vizuri maumivu ya kujikata kazini alipewa kuchonga mkono wa fundi mwenzake uliojeruhiwa. Wala hakujua kwamba anachonga kwa ajili ya mlango wa hospitali.

Hospitali ilikuja zaidi ya miaka 300 baadaye. Utawala wa Napoleon ulivivunja vyama hivyo vya udugu katika miaka ya 1806 na 1807. Jengo likawa hospitali ya jeshi, na mwaka 1819, chini ya Waaustria, likawa hospitali ya raia. Mengi yalipotea. Ngazi ya Codussi ilibomolewa, ikajengwa upya katika karne ya 20. Picha zilitawanyika: ile ya Tintoretto ya mtumwa aliyeokolewa na Mtakatifu Marko, ya mwaka 1548, iko katika jumba la Accademia mjini humohumo; ile ya ndugu wawili, Gentile na Giovanni Bellini, ambamo twiga anatembea katika uwanja wa Alexandria, iko Milan. Ukumbi wa juu, wenye dari ya dhahabu, sasa ni makumbusho ya tiba, yenye vitabu vya kale na vyombo vya upasuaji.

Picha huhamishika. Kilichochongwa ukutani kilibaki kumhudumia kila aliyekuja: mwanachama, askari, mkunga, mwenye homa. Chama kilichokuwa kikiwasaidia wagonjwa kilikufa, lakini mlango wake umeendelea kuwapokea wagonjwa, na kwa hilo hatuwezi kuwapa sifa Napoleon na Waaustria pekee. Jengo lilikuwa imara, kumbi zake pana, na uzuri wake wa kutosha kumfanya mwenye nyundo asite.

Basi wewe uliyekabidhiwa fedha za kujenga zahanati, shule au ofisi ya kata, usimhimize fundi amalize tu. Mlipe vizuri, mpe muda, na umwachie angalau mlango mmoja aufanye kwa ustadi wake wote. Hujui ni nani atakayeupitia baada ya chama chako kusahauliwa.