Jicho la Msafiri na Lugha ya Mandhari: Boyoma na Mosi-oa-Tunya katika Maandishi ya Safari

Neno mandhari limeenea mno katika Kiswahili cha utalii, hata imekuwa shida kupata ukurasa mmoja wa habari za safari usiolitumia. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wa kutazama, mzizi ule ule uliotupatia nadhari. Kwa hiyo neno hili lina mtu ndani yake: mtu aliyesimama kando, mwenye nafasi ya kutazama. Hapo hapana kosa. Udhaifu unaanza pale neno linapofuatana daima na vivumishi vile vile: nzuri, ya kupendeza, ya kuvutia, ya kipekee. Msomaji akiziba jina la mahali kwa kidole, hatajua kama anasimuliwa habari za Niagara, za Iguazú, za Kilimanjaro au za volkeno ya Nyiragongo. Vivumishi hivyo havidanganyi, ila havimwonyeshi msomaji chochote.

Imesemwa mara nyingi kwamba umaskini huu ni wa lugha yenyewe. Kwamba Kiswahili, kikiwa lugha ya biashara na ya misafara, hakikupata kujifunza kutazama nchi kwa ajili ya uzuri wake. Hoja hiyo ni dhaifu. Mwenye kusoma utenzi wa Al-Inkishafi, unaoyazunguka magofu ya Pate chumba kwa chumba, hawezi kuikubali. Hata hivyo nathari ya safari ni jambo jingine, na inafaa ipimwe kwa maandishi yake yenyewe. Makala haya yanachukua maporomoko mawili ya Afrika, moja la mto Zambezi na jingine la mto Kongo, na kuuliza ni nani aliyeyaandika, kwa jicho gani, na kwa maneno ya aina gani.

Tuanze na jina. Maporomoko yaliyo mpakani mwa Zambia na Zimbabwe yaliitwa na Wakololo Mosi-oa-Tunya, maana yake moshi unaonguruma. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kulitambua neno la kwanza. Jambo la kuangaliwa zaidi ni muundo: nomino, kisha kitendo. Jina halisemi kwamba maji haya ni marefu wala mazuri. Linasema yanafanya nini. Tena linaeleza yanavyomfikia mtu ajaye kwa miguu: kwanza mvuke unaonekana kwa mbali kama moshi, kisha ngurumo inasikika, na maji yenyewe bado hayajaonekana. Ni jina lililotungwa na watu wanaokaribia. Tarehe 16 Novemba 1855 Wakololo walimpeleka Livingstone kwa mtumbwi hadi kisiwa kilicho ukingoni mwa maporomoko hayo, naye akayapa jina la malkia wake. Jina hilo jipya lina heshima zote za kifalme, lakini halina hata tone moja la maji. Katika kitabu chake cha mwaka 1857 maelezo yanaanza vizuri, kwa nguzo za mvuke na mwamba uliopasuka, mpaka maneno yanapomwishia, ndipo anapowaita malaika wawe mashahidi wa uzuri huo. Malaika hao, kusema kweli, ndio mababu wa kivumishi chetu cha kupendeza. Unesco ilipoandikisha mahali hapo katika urithi wa dunia, mwaka 1989, iliyaweka majina yote mawili.

Mosi-oa-Tunya ni rahisi kutazamwa. Upana wake ni mita 1,700 hivi, kimo chake mita 108. Ni ukuta wa maji, na ukuta unaingia wote katika picha moja. Mto Kongo unamletea mwandishi taabu nyingine. Boyoma si poromoko moja. Ni maporomoko saba yaliyotapakaa katika masafa ya zaidi ya kilometa 100, kati ya Ubundu na Kisangani, na yote saba kwa pamoja hayashuki zaidi ya mita 60 hivi. Ajabu yake imo katika wingi wa maji, mto mzima wa Kongo ukibanwa na kugongwa mawe, wala haimo katika kimo. Mgeni aliyezoea kadi za posta anafika Kisangani akitafuta ukuta, anakuta mto mpana uliochafuka, wenye kelele, unaoteremka kwa mshazari. Wengi huondoka wakidhani hawajaonyeshwa. Kosa si la mto. Jicho lililofunzwa kupima uzuri kwa mita za kwenda juu halina kipimo cha mahali kama hapa, na vivumishi vilivyokatwa kwa kipimo cha Niagara haviivai Boyoma.

Mtu wa kwanza kuyaeleza maporomoko haya katika kitabu mashuhuri ni Stanley, aliyeyapita mwezi wa Januari 1877. Mengi ya maelezo yake ni ya vita na ya fahari yake mwenyewe, na hayana haja ya kurudiwa. Ziko kurasa chache, hata hivyo, ambazo mhakiki hana budi kuzisifu, nazo ni zile zinazohusu Zaidi. Mtumbwi wake ulichukuliwa na maji ukapasukia mwamba, naye akabaki ameng’ang’ania katikati ya mto, juu kidogo ya poromoko. Uledi, mshika usukani wa mashua ya Stanley, na mwenzake Marzouk walimwendea kwa mtumbwi uliofungwa kamba. Kamba zikakatika, wote watatu wakalala usiku ule kisiwani kati ya ngurumo, wakaokolewa siku iliyofuata. Katika kurasa hizo hakuna uzuri unaotangazwa. Msomaji anajua nguvu ya maji kwa kuwa anajua kamba ngapi zilikatika, na anajua upana wa mto kwa kuwa sauti ya mtu haifiki ng’ambo. Mahali panapimwa kwa mwili wa mtu.

Uledi na wenzake walikuwa Waungwana kutoka Unguja na Mrima, kundi ambalo jina lao limebaki hadi leo katika neno Kingwana. Ndio waliofyeka njia msituni na kuiburura mitumbwi nchi kavu, poromoko baada ya poromoko. Lugha iliyopigiwa kelele za kuvutia mitumbwi hiyo ilikuwa Kiswahili. Lakini hawakuandika. Simulizi ya kwanza ya Boyoma iliyosemwa kwa Kiswahili, bila shaka ilisemwa usiku, kando ya moto, na haikutufikia.

Kilichotufikia ni kitabu cha Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kilichotolewa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, kisha kikahaririwa upya na Whiteley mwishoni mwa miaka ya 1950. Hapa matumaini ya msomaji ni makubwa. Huyu ni mtu aliyeandamana na Stanley mwaka 1876 kabla hajarudi nyuma. Aliyefanywa wali wa Stanley Falls mwaka 1887 na serikali ya Leopold. Aliyekaa akisikia poromoko la mwisho usiku na mchana. Mkazi wa Kisangani anayekifungua kitabu hiki ili ayaone maporomoko ya mji wake atakifunga akiwa na kiu. Humo mna siku za mwendo, frasila za pembe, madeni, majina ya watemi, ghadhabu na mapatano. Nchi yenyewe inapita kama kitu kinachochelewesha au kinachorahisisha.

Ukimya huo umesomwa na baadhi ya watu kama ushahidi wa ile hoja ya umaskini. Ni afadhali usomwe kwa njia mbili kwa pamoja. Kwa upande mmoja ni sifa. Sentensi zake ni fupi, zimejaa vitenzi, hazisimami: tulifika, tulivuka, tulikaa, walikuja, tukaondoka. Msomaji anapata umbali wa Manyema kwa uchovu wa vitenzi vinavyofuatana, jambo ambalo vivumishi kumi haviliwezi. Ile ka- ya masimulizi inafanya kazi ya miguu. Kwa upande mwingine ukimya ule hauna usafi wowote. Mwandishi aliyejua uzito wa kila pembe hakuona haja ya kueleza mabega yaliyoibeba. Watumwa na wapagazi wanapita katika kitabu kama nchi inavyopita, bila sura. Kwa hiyo anayetaka kurudia nathari hii ili kuiponya lugha ya utalii na aichukue kwa uangalifu: inafundisha kwenda, haifundishi kuona watu.

Iko sauti ya tatu, na inatoka mbali zaidi. Katika mkusanyo wa Velten uitwao Safari za Wasuaheli, wa mwaka 1901, Salim bin Abakari anasimulia safari aliyoifanya mwaka 1896 pamoja na Bumiller, Mjerumani aliyekuwa bwana wake, kupita Urusi na Siberia hadi milima ya Altai, kwa Wakalmuki na Wakirgizi. Huyu ni Mswahili katika nchi ambayo Ulaya yenyewe iliihesabu kuwa ya ajabu: milima, nyika zisizo mwisho, mahema ya wafugaji. Hakuchagua njia, alikwenda alikokwenda bwana wake. Tena inafaa kukumbukwa kwamba Velten alikuwa mwalimu wa Kiswahili Berlin, na kwamba masimulizi haya yalikusanywa yasomwe na Wajerumani. Jicho la msimulizi limeagizwa kwa kiasi fulani. Pamoja na hayo, Salim anafanya jambo ambalo si Livingstone wala Tippu Tip aliyelifanya. Anatazama, na wakati huo huo anaeleza kwamba anatazamwa. Watu wanakusanyika kumwangalia mtu mweusi. Mtazamaji amekuwa sehemu ya ajabu ya mahali, na anajua. Kwa sababu hiyo maelezo yake ya watu wa huko yana kadiri na adabu fulani: anauliza wanakula nini, wanaswali vipi, wanaishi vipi baridini.

Ujuzi huo wa Salim ndio uliokosekana katika lugha inayotumika leo kuieleza Boyoma. Poromoko la mwisho, lililo karibu kabisa na Kisangani, hujulikana zaidi mjini kwa Kifaransa, chutes Wagenia, kwa jina la wavuvi wa hapo. Wavuvi hao hukita magogo makubwa kati ya miamba, katika maji yenyewe, wakayafunga kwa mitambaachi ya msituni, kisha wakatundika migono yenye umbo la pia ndani ya mkondo. Maji yanawasukuma samaki humo. Kazi hii ilikuwako kabla ya Stanley, ikaendelea chini ya wakoloni, ikaendelea baada ya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita mjini Kisangani, wakati ambapo hakuna aliyekuja kutazama chochote.

Katika Kiswahili cha matangazo, wavuvi hawa wanaitwa kivutio. Neno linaonekana dogo, lakini lifuatwe kisarufi. Kivutio hiki kinapatikana, kinapendeza, kinasifika: watu wamehamishwa kutoka ngeli yao ya a-wa na kuingizwa katika ki-vi, pamoja na viti na vikapu. Lugha chache zinamwezesha mhakiki kulishika kosa la mtazamo kwa mkono namna hii, kiambishi kwa kiambishi. Kifaransa, ambacho matangazo mengi ya Kongo yanafasiriwa kutoka kwacho, kinalificha kosa hilo kwa urahisi. Kiswahili kinalitangaza katika kila kitenzi.

Wala haitoshi kulifuta neno moja. Kitenzi kutalii chenyewe kina ukoo bora kuliko matumizi yake: ni ndugu wa mutalaa, yaani kusoma kwa makini. Mwenye kusoma mahali anahitaji maneno ya mahali, na Kiswahili kinayo. Maji hutiririka, huchuruzika, hububujika, hufoka, huvuma, hunguruma, hupiga mawimbi, huzunguka kwa kizingia. Kila kitenzi ni maji mengine. Katika hilo hata neno maporomoko linastahili kutiliwa shaka. Limetokana na kuporomoka, kuanguka kwa kishindo kutoka juu, kama udongo wa mlima au ukuta wa nyumba. Kwa Mosi-oa-Tunya linafaa kabisa. Kwa Boyoma linamwahidi mgeni anguko asilolikuta, na hivyo ule ukuta alioutafuta bure alikuwa ameuziwa na kamusi kabla hajapanda ndege. Mgono hautundikwi pale maji yanapoanguka. Hutundikwa pale mkondo unapobanwa kati ya mawe. Maneno ambayo wavuvi wenyewe wanayatumia kutofautisha mkondo na mkondo, jiwe na jiwe, saa ya maji kujaa na saa ya kupungua, ndiyo yanayokosekana katika kila tangazo, na mtu wa kuyaandika anaweza kuanza kazi hiyo kwa safari fupi kutoka katikati ya Kisangani.