Treni za Romare Bearden

Ukizipitia kolaji za mchoraji Romare Bearden, yaani picha zake za vipande vilivyokatwa na kubandikwa, haupiti muda kabla ya kukutana na treni. Mara iko nyuma ya kibanda, mara pembeni kabisa, inafuka moshi na kwenda zake kana kwamba haiwahusu watu waliokaa mbele. Inawahusu sana.

Bearden alizaliwa Charlotte, North Carolina, mwaka 1911, akakulia Harlem, New York. Wazazi wake walikuwa miongoni mwa Wamarekani weusi waliohama Kusini kwa mamilioni, wakikimbia ubaguzi na kufuata kazi za Kaskazini. Wengi waliondoka kwa treni. Treni iliyompeleka kijana kwenye mshahara ndiyo hiyo hiyo iliyomwacha mama yake peke yake shambani. Bearden mwenyewe aliiona kuwa alama ya ustaarabu wa wazungu ulioyaingilia maisha ya weusi, na papo hapo chombo cha kumtoa mtu alipo na kumrudisha. Alama yenye maana mbili zinazovutana hivyo haichuji hata ikirudiwa mara mia.

Ufundi wa kolaji aliuingia akiwa ameshapita miaka 50, huku akiendelea na ajira yake ya ustawi wa jamii. Mwaka 1963 yeye na wachoraji wenzake weusi waliunda kundi la Spiral. Aliwashauri watengeneze kolaji moja kwa pamoja. Wazo halikuwavutia, akabaki na mkasi wake.

Tazama *The Prevalence of Ritual: Baptism* ya 1964, picha ya sentimita 23 kwa 30 hivi. Watu wamekusanyika kwa ubatizo, na nyuma yao treni inapita. Nyuso zimeungwa kwa vipande: jicho la picha hii, pua ya ile, na kati yake sehemu ya kinyago cha Kiafrika. Hakuficha maungio. Mikono nayo ameikuza kupita kiasi, na kwa macho yangu hiyo ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote: ni mikono ya watu wa kazi, na mkasi umeipa ukubwa inaostahili.

Halafu yuko mganga wa kike, ambaye Bearden alimpa picha kadhaa kuanzia 1964. Huyu ndiye aliyefuatwa kwa dawa za mitishamba, kwa limbwata na kwa ushauri, akaheshimiwa na kuogopwa kwa pamoja. Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi. Magitaa, majogoo na mwezi mpevu pia vimo, ingawa hivyo wakati mwingine ni pambo tu.

Bearden alifariki mwaka 1988. Mwandishi wa tamthilia August Wilson aliitazama picha yake *The Piano Lesson*, akaandika tamthilia ya jina hilo hilo, nayo ikampatia Tuzo ya Pulitzer mwaka 1990.