Picha ya Bumbire Ukumbini



Imezuka ada katika nyumba za watu wetu wenye nafasi, ya kupamba ukumbi kwa picha kongwe za chapa. Utaingia nyumba ya Muislamu, ukaribishwe kwa heshima zote, na mbele yako, pale ambapo wazee waliweka Ayatul Kursiyyu, pametundikwa manowari mbele ya bandari ya Unguja, au msafara wa wapagazi, au mfalme fulani wa bara kazungukwa na watu wake. Mwenye nyumba atakwambia mwaka wa picha na bei aliyoinunua. Ukimuuliza habari iliyomo, mara nyingi hana la kusema.

Sina ugomvi na ukale. Mtu apendaye vitu vya waliotangulia yu karibu na kuzingatia kuliko yule anayetupa kila kitu apate kununua kipya. Ugomvi wangu ni juu ya picha moja, na kwa hiyo moja nataka tuzitazame nyingine.

Kwanza tujue picha hizi zatoka wapi. Nyingi ni majani ya vitabu vya wasafiri wa Kizungu wa karne ya kumi na tisa. Zama zile mashine za chapa hazikuweza kutia picha ya kamera ndani ya kitabu pamoja na maandishi, basi mchoraji alichora, fundi akauchonga mchoro juu ya ubao mgumu, ubao ukapakwa wino na kupigwa chapa. Leo wachuuzi huvivunja vitabu hivyo na kuuza jani moja moja katika fremu. Wengine huongeza rangi ili picha ivutie, hali kitabu kilitoka kwa wino mweusi mtupu. Na nyingi zinazouzwa si kongwe hata kidogo: zimenakiliwa juzi tu, na ukiweka kioo cha kukuzia utaona vitone vidogo vidogo vya mashine. Huo ni udanganyifu wa biashara, na hukumu yake yajulikana. Naupita.

Nilikuwa pwani kwa mwaliko wa kijana niliyemsomesha zamani, leo ni mtu mzima mwenye watoto. Baada ya chakula akanionesha picha aliyoitundika juu ya kochi. Mashua imevutwa ufukweni, ndani yake watu wachache, na umati wenye mikuki umewazunguka. Maneno ya chini, kwa Kiingereza, yasema kwamba haya ni mapokezi katika kisiwa cha Bumbire.

"Maalim, hii ni asili khasa," akaniambia. "Imetoka katika kitabu cha Stanley, cha mwaka 1878."

Nikamuuliza, "Wawajua hawa wenye mikuki?"

"Ni washenzi wa huko bara, ziwani."

Nikamwambia, "Ni majirani zangu."

Mimi nasomesha Kimwani, wilaya ya Muleba, na Bumbire ni kisiwa cha wilaya yetu hiyo hiyo. Yule kijana alifadhaika, maskini, akaomba radhi. Lakini sikutaka radhi yake. Nilitaka ajue alichokitundika, na wewe msomaji nataka ujue pia.

Stanley alitoka Bagamoyo mwezi Novemba 1874, kwa gharama za magazeti mawili, moja la London na moja la New York. Mwezi Aprili 1875, akirudi kutoka kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, alitia nanga Bumbire kutafuta chakula. Wenyeji wakaivuta mashua yake pwani, wakachukua makasia. Watu wake wakaisukuma mashua majini tena, yeye akafyatua bunduki, na kwa maneno yake mwenyewe aliua. Wakang'oa mbao za sakafu ya mashua wakapigia makasia, wakaokoka. Hiyo ndiyo habari ya picha.

Lakini habari haikuishia pale. Mwezi Agosti mwaka huo huo alirudi na mitumbwi mingi na watu wa bunduki. Wenyeji walikuwa ufukweni na mikuki na mishale yao, wenye bunduki walibaki mitumbwini, wakawapiga risasi hata wakatosheka. Stanley aliandika mwenyewe kuwasimulia wasomaji wake. Barua zake zilipochapishwa mwaka 1876, wapo Waingereza waliochukizwa, na katika Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London Henry Yule na Hyndman walitaka jambo lile lilaumiwe. Tazama basi: Waingereza wa zama zile waliona haya, na sisi leo tunatia fremu ya dhahabu.

Enyi mliosoma fikihi, mwajua kwamba ushahidi wa adui juu ya adui yake haukubaliwi, wala wa mtu kujishuhudilia nafsi yake. Sasa picha hii ni nini, isipokuwa ushahidi wa mtu mmoja juu ya hasimu zake, aliouleta kujitetea? Fundi aliyechonga ubao alikuwa Ulaya, hakuiona Bumbire, alichonga alivyoambiwa. Watu wa kisiwa hawakuulizwa kwa nini waliihofia mashua ngeni, wala waliwazika wangapi. Kadhi gani angetoa hukumu kwa ushahidi huo? Nasi tumeshaitoa, tena mbele ya watoto, kila wanapokaa kunywa chai wakamtazama mshenzi mwenye mkuki na mstaarabu ndani ya mashua.

Na liko jambo zito zaidi kwenu watu wa pwani. Waliopiga makasia ya mashua ile, na wengi walioshika bunduki mwezi Agosti, hawakuwa Wazungu. Walikuwa Waungwana wa Unguja na mrima, wenye majina kama yetu, waliochukua ujira wa Stanley. Yumkini babu wa mmoja wenu yumo ndani ya mashua ile. Simlaani, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye hali yake. Lakini kumtundika ukutani kama ushujaa ni jambo jingine.

Kijana akauliza, na swali lake ni la haki: "Je, Maalim, kosa ni viumbe waliomo, au ni habari yake?" Nikamwambia ni mawili. Kuhusu sura za wenye roho, maulamaa wamekhitilafiana juu ya picha isiyo na kivuli, lakini sisi wa madhhabu ya Imamu Shafi wajulikana msimamo wetu juu ya kilichotundikwa kwa kutukuzwa. Bibi Aisha, Mungu amridhie, alikuwa na pazia lenye sura. Mtume, rehema na amani zimshukie, alilichukia, likakatwa likafanywa mito ya kuegemea. Na Ibn Abbas alimwelekeza mchoraji achore miti na visivyo na roho. Anayetaka ukale anayo nafasi: majengo, majahazi bandarini, ramani, Msikiti wa Makka ulivyokuwa kabla ya kupanuliwa. Ila asiniletee zile chapa za Buraki mwenye uso wa mwanamke, ambazo hata wazee wetu walizitundika kwa mapenzi bila kufikiri.

"Basi niichome?" akauliza.

Nikamkataza. Adui akiandika alilolitenda kwa mkono wake, karatasi hiyo haichomwi, huwekwa. Nikamwomba anipe. Akaitoa katika fremu, akaikunja ndani ya gazeti, nikapanda nayo basi kurudi Kimwani.

Sasa imo katika kabati la madrasa pamoja na misahafu iliyochakaa. Nyuma yake nimeandika tarehe mbili, ya Aprili na ya Agosti. Huitoa mara moja kwa mwaka kwa wanafunzi wakubwa, ambao wengi baba zao ni wavuvi. Mwaka jana mmoja alinyoosha kidole kwenye mashua akauliza kama wale waliomo ndani walisali adhuhuri siku ile.