Mibonyezo mitatu: mkwaju wa gemu ya gofu huharibika wapi?

Mchezaji anayeshindwa kwenye gemu ya gofu hukilaumu kidole chake. Atakwambia aliwahi, au alichelewa, kisha ataanza raundi nyingine akiamini kwamba mazoezi ya kidole yatamponya. Nimeicheza Everybody's Golf kwa muda mrefu na kuwatazama wengi wakiicheza, na naona tatizo liko kwingine. Mikwaju mingi inayoishia majini ilikuwa imeshaharibika kabla kitufe hakijaguswa: fimbo haikuwa yake, umbali haukuwa wake, na kidole kikapewa kazi ambayo hakikuwa na namna ya kuifanya vizuri.

Ili hilo lieleweke, inabidi kwanza tukitazame chombo chenyewe. Mwaka 1984 Nintendo ilitoa gemu iliyoitwa Golf kwa mashine yake ya Famicom. Aliyeandika programu yake ni Satoru Iwata, kijana wa HAL Laboratory ambaye mwaka 2002 alikuja kuwa rais wa Nintendo. Alikuwa na mitihani miwili. Wa kwanza ni kuyatia mashimo 18 ndani ya katriji yenye nafasi finyu mno, na huo aliushinda kwa kubuni njia yake mwenyewe ya kubana data. Wa pili ni kumwezesha mtu mwenye padi ya vitufe viwili apige mpira wa gofu, tendo ambalo uwanjani hushirikisha miguu, kiuno, mabega na viganja. Jibu likawa mita. Unabonyeza, mshale unaanza kupanda. Unabonyeza tena pale unapotaka nguvu iishie, nao unarudi. Unabonyeza mara ya tatu ukifika kwenye alama ya kugonga. Ukiwahi, mpira unapinda upande mmoja. Ukichelewa, unapinda upande wa pili.

Mfumo huo umedumu kwa sababu ni wa haki: mchezaji anaona kila kitu na hana wa kumsingizia. Kampuni ya Camelot iliurithi ilipotengeneza toleo la kwanza la Everybody's Golf kwa PlayStation mwaka 1997, ikautumia tena kwenye Mario Golf ya Nintendo 64 mwaka 1999, na Clap Hanz waliouendeleza mfululizo wa Everybody's Golf hawakuutupa. Wapo waliokwenda njia nyingine. Neo Turf Masters ya Nazca, iliyoingia kwenye mashine za sarafu mwaka 1996, ina mita ya nguvu na kisha mita ya kimo cha mpira. Golden Tee ya Wamarekani wa Incredible Technologies, tangu mwaka 1989, imeacha mita kabisa na kumpa mchezaji tufe la kuviringisha kwa kiganja. Zote mbili ni gemu nzuri sana, lakini mita ya mibonyezo mitatu ndiyo wengi wanayokutana nayo, na ndiyo nitakayoichambua.

Mbonyezo wa tatu ndio unaotisha, basi tuanze nao. Mtu mzima mwenye afya akiona kitu kikibadilika kwenye skrini huchukua kati ya robo na moja ya tano ya sekunde hadi kidole kiitikie. Gemu inayochora picha 60 kwa sekunde itakuwa imechora picha 12 hadi 15 katika muda huo, na eneo la kugonga kikamilifu linaweza kuwa na upana wa picha moja au mbili tu. Kwa hiyo anayesubiri auone mshale umefika ndipo abonyeze, amechelewa kila mara. Ongeza televisheni. Seti nyingi huisafisha picha kabla ya kuionyesha, na usafishaji huo unaweza kuiba picha kadhaa zaidi, isipokuwa ukiiwasha hali ya gemu kwenye mipangilio yake. Fanya hivyo kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Nimeona watu wakihangaika wiki nzima na kosa lililokuwa ndani ya televisheni.

Kinachofanya kazi ni mapigo. Tazama wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja kwa zamu: hakuna anayesubiri kuuona mchi wa mwenzake ukipanda ndipo ateremshe wake, kila mmoja amelishika pigo mwilini na michi haigongani. Mita nayo inataka hivyo. Kati ya mbonyezo wa pili na wa tatu pana muda, na muda huo hujifunzwa kwa mwili, si kwa macho. Hesabu kimyakimya, gonga kwa mguu, fuata muziki wa gemu ukitaka, mradi kidole kishuke kwa sababu wakati umefika na si kwa sababu jicho limeona. Vijana waliokulia kwenye gemu za mpira wa miguu hupata tabu hapa, maana kule wamezoea kuitikia haraka walichokiona.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wachezaji wengi hawajalifikiria. Ikiwa siri ni pigo, basi pigo lazima liwe lilelile. Tuseme mshale unarudi kutoka nguvu kamili kwa sekunde moja. Ukipiga kwa nguvu ya asilimia 60, mshale unaanza kurudi ukiwa karibu zaidi na alama ya kugonga, na safari yake ni ya kama sekunde 0.6. Ukipiga kwa asilimia 85, ni 0.85. Kila nguvu ina pigo lake, na mchezaji anayepiga leo asilimia 60, mkwaju unaofuata 90, halafu 45, anajaribu kushika ngoma tatu kwa wakati mmoja. Mkwaju wa nguvu kamili, kwa upande mwingine, una pigo moja tu, iwe fimbo ni ndefu au fupi. Begi la gofu lina hadi fimbo 14 zenye umbali tofauti kwa kusudi hilohilo: umbali uamuliwe na fimbo, kidole kibaki na kazi moja kiifanye kila siku.

Hili hugeuza mpango mzima wa shimo. Chukua shimo lililopangiwa mikwaju 5, lenye yadi 500. Draiva yako, fimbo ndefu kuliko zote, inakwenda yadi 240, zinabaki 260, na huwezi kufika kwenye grini, eneo lenye shimo na bendera, kwa mkwaju wa pili. Mchezaji wa kawaida huchukua fimbo ndefu inayofuata, tuseme ya yadi 210, apige mbali awezavyo. Anabaki na yadi 50. Fimbo yake fupi kuliko zote inakwenda 80, kwa hiyo sasa analazimika kupiga asilimia 60 na ushee, pigo asilolizoea, pale hasa panapohitaji usahihi. Mwenzake anachukua fimbo ya yadi 180 na kubaki na 80 kamili. Yuko nyuma kwa yadi 30, lakini anayefuata kupiga kwa pigo alilopiga mara elfu ni yeye. Kwenye gemu hizi umbali wa mkwaju wa pili hauna thamani yenyewe. Thamani yake ni namba unayoibakisha.

Hapo ndipo mikwaju maalumu ya nguvu inapotumiwa ovyo. Everybody's Golf hukupa michache kwa raundi, na wengi huimaliza kwenye mashimo ya mikwaju 4, ambako yadi chache za ziada huwaacha kwenye umbali uleule wa kupigwa kwa nusu ya nguvu. Itunze kwa shimo refu ambalo mkwaju huo utakufikisha kwenye grini kwa mikwaju miwili.

Kuna mahali pengine ambapo gemu inasema ukweli mtupu na watu hawaisikilizi: asilimia za mahali mpira ulipolala. Mpira ukiingia nyasi ndefu au mchangani, skrini inaonyesha namba mbili, kwa mfano 80 hadi 90. Maana yake ni kwamba mkwaju wako, hata ukigonga kikamilifu, utapoteza kitu kati ya sehemu ya kumi na sehemu ya tano ya umbali, na gemu ndiyo itakayochagua ni kiasi gani. Wengi huchukua namba ya katikati, wanazidisha, wanapiga, kisha wanalalamika.

Njia sahihi ni kuuliza pande zote mbili. Bendera iko yadi 120, na mbele ya grini kuna maji yanayoishia yadi 108. Una fimbo ya yadi 130 na ya yadi 140. Ya 130 ikipata asilimia 90 inafika 117, pazuri mno. Lakini ikipata 80 inafika 104, na hapo ni majini. Ya 140 ikipata 80 inafika 112, imevuka. Ikipata 90 inafika 126, imepita bendera kwa yadi 6 na bado iko kwenye grini. Fimbo ya kwanza inaweza kukupa mpira ulio karibu zaidi na bendera, na bado ni chaguo baya. Mkwaju mmoja wa adhabu unafuta faida ya mikwaju mizuri kadhaa, kwa hiyo namba ya chini isipovuka hatari, fimbo hiyo irudi kwenye begi. Na ikiwa hakuna fimbo inayopita mtihani huo, piga pembeni kwenye nyasi fupi. Sioni aibu yoyote katika hilo. Naona mchezaji anayejua kuhesabu.

Kimo cha shabaha kina kanuni ambayo hutokana na jiometri tu. Mpira unaoshuka kwa nyuzi 45 hupoteza mita moja ya umbali kwa kila mita moja ambayo shabaha iko juu yako, na huongeza mita moja kwa kila mita ambayo iko chini. Fimbo fupi hushusha mpira wima zaidi, kwa hiyo mabadiliko ni madogo. Draiva huushusha kwa mlalo, kwa hiyo ni makubwa. Gemu ikikuonyesha kwamba grini iko mita 8 juu, ongeza kama yadi 9 na uchague fimbo kwa umbali huo mpya. Upepo hauna kanuni fupi namna hiyo, maana kila gemu imeupangia hesabu yake. Usiazime jedwali la mtu. Kwenye mashimo ya mwanzo andika kasi ya upepo, fimbo uliyotumia na mpira ulipoangukia, upepo wa mbele kando na upepo wa nyuma kando, na kumbuka kwamba mpira wa juu hukaa hewani muda mrefu, hivyo husukumwa zaidi.

Kuhusu mizunguko ya mpira nitasema kidogo, kwa kuwa inasifiwa kuliko inavyostahili. Mzunguko wa kurudi nyuma ni mtamu kuutazama, ila unafaa pale tu unapojua mpira utaangukia wapi. Anayebahatisha umbali kisha akaweka mzunguko ameongeza kitu cha pili cha kubahatisha.

Kwenye grini, gemu inachora mistari ya miraba, na vidoti vinatembea juu yake kuelekea kwenye mteremko. Vikienda kasi, mteremko ni mkali. Macho ya wengi huangalia vidoti vilivyo karibu na mpira. Angalia vilivyo karibu na shimo. Mpira ukiondoka una kasi na hauyumbishwi sana, bali ukikaribia kusimama ndipo mteremko unapoukamata. Hatua mbili za mwisho ndizo zinazoamua. Na kazi ya kutia mpira shimoni kwa urahisi huanza mkwaju mmoja nyuma: ukilenga grini, lenga upande wa chini wa shimo, ili unaofuata uwe wa kupandisha. Wa kupandisha unaweza kuupiga kwa nguvu bila hofu. Wa kuteremsha ukikosea, unaanza upya kutoka mbali kuliko ulipokuwa.

Limebaki suala la kumchagua mhusika. Everybody's Golf huwapima kwa nguvu, udhibiti, ugongaji na mzunguko, na karibu kila mgeni huvutwa na mwenye nguvu nyingi. Ni kosa la gharama. Mhusika mwenye ugongaji mzuri ana eneo pana zaidi la kugonga kikamilifu kwenye mita, na huo ni msamaha unaopewa kwenye kila mkwaju wa mashimo yote 18, wakati nguvu itakufaa kwenye mashimo machache marefu.

Basi ukikaa kucheza tena, washa hali ya gemu kwenye televisheni, mchague mwenye ugongaji, na ucheze mashimo 9 kwa sharti moja: nje ya grini, usipige mkwaju wowote chini ya nguvu kamili ikiwa mkwaju uliotangulia ungeweza kukuepusha nao. Andika jumla ya mikwaju. Kisha cheza mashimo hayohayo kwa mazoea yako ya zamani, uziweke karatasi hizo mbili mezani, uamue mwenyewe.