Bei Iko Kitakoni: Jinsi Sanamu za Hummel Zinavyothaminiwa

Chukua sanamu mbili za mvulana aliyeketi juu ya mti wa matufaha. Zote zimetoka kiwanda kimoja cha Ujerumani, na zote zina nambari 142. Mashavu yale yale mekundu, viatu vile vile vizito. Hata hivyo, mnadani moja huweza kuleta mara kumi ya bei ya mwenzake. Ukizikazia macho usoni hutaona sababu. Mthamini haanzii usoni. Huzipindua akasoma kitako.

Sanamu hizi zilianzia kwenye michoro ya watoto iliyochorwa na Berta Hummel, mtawa Mfransisko aliyepewa jina la utawa Maria Innocentia. Franz Goebel, mwenye kiwanda cha kauri huko Bavaria, aliipenda michoro hiyo, na mwaka 1935 sanamu za kwanza zikaingia sokoni. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha mwaka 1945, askari wa Marekani waliobaki Ujerumani walizinunua kwa wingi na kuzituma nyumbani kwa mama zao na wachumba wao. Ndiyo maana kabati nyingi zenye sanamu hizi ziko Marekani.

Hatua ya kwanza ni chapa. Za mwanzo kabisa zina taji, na chini yake herufi W na G. Mwaka 1950 akaingia nyuki ndani ya herufi V kubwa, kwa kuwa neno Hummel kwa Kijerumani ni jina la nyuki mmoja mnene mwenye manyoya. Miaka ilivyopita nyuki huyo akapungua hadi akawa alama ndogo tu, na mwaka 1979 akaondolewa, likabaki jina la Goebel lisilo na nyuki. Kwa sanamu ya namna moja, kwa kawaida taji huishinda V yenye nyuki, na nyuki huishinda chapa isiyo naye.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kitakoni huweza kuwepo mwaka uliochongwa, tuseme 1938, na mwenye mali akadhani ameshika kitu cha kabla ya vita. Mwaka ule ni wa haki ya ubunifu, yaani wakati kalibu ilipotengenezwa. Kalibu hiyo hiyo iliendelea kutumika kwa miongo. Kuhusu umri wa sanamu, amini chapa, usiamini mwaka uliochongwa.

Hatua ya pili ni tarakimu zinazofuata nambari. Namba 142/3/0 ina kimo cha sentimita 10 hivi, 142/V inakaribia 25, na 142/X inapita 70. Kanuni yake ni hii: kadiri tarakimu iliyo mbele ya sifuri inavyokuwa kubwa, ndivyo sanamu inavyokuwa ndogo, na zikija namba za Kirumi, ukubwa unapanda. Anayeuza bila kujua hili huweza kulinganisha sanamu yake ndogo na bei ya ile kubwa ya nambari hiyo hiyo.

Hatua ya tatu ni afya. Ingawa watu huziita porseleni, mwili wake ni udongo mweupe laini uliochomwa, na ganda la kioo lililo juu huweza kufanya vijiufa vya utando kadiri miaka inavyopita. Vidole, ncha za miavuli na kingo za kofia ndizo huvunjika kwanza. Mthamini hupitisha ukucha taratibu pale, kisha huwasha taa ya urujuanimno gizani: mara nyingi gundi na rangi ya fundi aliyeziba pengo hung'aa tofauti na rangi ya kiwandani. Kipande kilichoungwa kinapoteza sehemu kubwa ya bei, hata kama fundi alikuwa hodari.

Hatua ya nne ndiyo inayouma. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi sanamu nzuri za Hummel nazo zinajitembeza. Zilitengenezwa nyingi mno, zikatunzwa vizuri mno, na wale waliozikusanya wanazeeka wakati wajukuu wao hawazitaki. Kwa hiyo orodha za bei za zamani, na hata bei anayoitaja muuzaji leo, si ushahidi. Ushahidi ni fedha iliyotoka mfukoni mwa mnunuzi. Zenye bei kubwa ni zile ambazo hazikuwahi kuwa nyingi, kama sampuli za watoto waliovaa mavazi ya Hungaria na nchi za Balkani zilizofinyangwa karibu na mwaka 1940, ambazo hazikuingia kwenye uzalishaji wa kawaida. Hizo huuzwa kwa maelfu ya dola.

Warudie sasa wale wavulana wawili. Mmoja ana taji kitakoni, kimo chake kinazidi kiganja, na taa haikuonyesha kiraka. Wa pili ni 142/3/0, hana nyuki, na ukingo wa kofia yake umebanduka. Nyuso zao zimefanana, lakini mthamini alikwisha kuwatenganisha kabla hajawasimamisha mezani.